Kausha Nyumba Kwanza, Dawa Baadaye

Aprili ikifika, masika yamekolea, simu yangu haitulii. "Fundi, njoo upulize, mende wamerudi." Wengi wanaonipigia hapa Dar es Salaam wameshapuliziwa mara mbili tatu. Dawa ilifanya kazi yake, lakini maji yaliyowaleta wadudu yalibaki palepale.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Tabata. Mama mwenye nyumba alikuwa msafi kupindukia, sakafu inang'aa, hakuna chembe ya ugali jikoni. Nilipochomoa ubao wa chini wa kabati la sinki nikaukuta umevimba na kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kwenye ufa wa nyuma walijipanga mende wadogo, wale wa rangi ya kahawia wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, majike wakiwa na vifuko vya mayai mkiani. Kiungo cha bomba kilikuwa kinadondosha tone mojamoja. Tukatega kikombe usiku, asubuhi kimejaa. Mende huyu akipata maji, anaweza kukaa na njaa zaidi ya mwezi. Akikosa maji hufa kwa takriban wiki mbili, hata akilala juu ya gunia la unga. Ndiyo maana naanza na maji kila ninapokwenda.

Hatua ya 1: Jua unyevu unatoka wapi

Chukua kipande cha nailoni, ukibandike ukutani penye ukungu kwa gundi ya karatasi, pande zote nne zifunge kabisa. Kiache siku mbili. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, unyevu uko hewani: mvuke wa kupikia, wa kuoga, nguo zinazoanikwa ndani. Matone yakiwa nyuma yake, ukuta wenyewe unatoa maji. Hapo tafuta bomba linalovuja, paa, au msingi. Usiruke hatua hii. Nimeona watu wakipaka rangi mpya kila mwaka juu ya ukuta unaonyonya maji ardhini, na kila mwaka rangi inabanduka na chumvi nyeupe inachomoza.

Hatua ya 2: Funga maji ya ndani

Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo cha bomba. Hata tone dogo utaliona kwenye karatasi. Angalia sahani ya maji iliyo nyuma ya friji, na sehemu ambapo choo kinakutana na sakafu. Usiku futa sinki likauke, na kitambaa cha kudekia kianike nje.

Wale mende wakubwa wekundu hupanda kutoka kwenye chemba. Kinachowazuia ni maji yanayokaa kwenye lile bomba lililopinda chini ya sinki au chini ya sakafu ya bafu. Bafu la wageni lisipotumika, maji hayo hukauka na njia inakuwa wazi. Mimina jagi moja la maji kila wiki.

Hatua ya 3: Hewa ipite

Sogeza makabati yaache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Wale wadudu wadogo weupe unaowaona kwenye vitabu vya zamani hula ukungu, kwa hiyo vitabu na masanduku vianikwe juani. Ukungu ukiisha, nao wanaondoka.

Hatua ya 4: Msingi na mchwa

Udongo wa bustani usilale kwenye ukuta. Uchimbe ushuke chini ya plasta, uelekeze mteremko mbali na nyumba. Ukiona njia za udongo zinapanda ukutani, usizifute zote. Mchwa huzijenga ili wasikaukiwe njiani. Vunja kipande cha urefu wa kidole, kisha rudi baada ya siku tatu nne. Wakikikarabati, wako hai na unajua wanapopita, hivyo mtaalamu ataanzia hapo.

Wenye nyumba za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe, Unguja, tafadhali msizipige plasta ya saruji. Ukuta ule hupumua kupitia chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, na boriti huoza.

Hatua ya 5: Maji ya nje

Dengi ilituumiza hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye ndoo, matairi na visahani vya maua. Kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai hugandia ukutani mwa ndoo na huvumilia ukavu kwa miezi, kwa hiyo isugue kwa brashi kila wiki.

Shimo la choo nalo ni chanzo kikubwa. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimwagiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea. Tabaka lile liliwanyima mbu mahali pa kutagia, likawazuia viluwiluwi kupumua, na mbu wanaoeneza matende wakapungua sana. Nyumbani, angalau ziba nyufa za mfuniko na funga wavu kwenye bomba la kutolea hewa.

Hatua ya 6: Sasa dawa

Ziba kwanza mianya ya mabomba kwa saruji. Kwa mende wa jikoni natumia dawa ya jeli, vitone vidogo kwenye bawaba na pembe za kabati. Usipulize dawa nyingine juu yake, maana mende hawataigusa.

Na hili nalisema kwa uchungu: vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani visiingie kabisa kwenye nyumba ya kulala. Vikikutana na unyevu hutoa gesi inayoua watu usingizini. Usinunue pia dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Dai yenye lebo na namba ya usajili.

Kagua tena baada ya mwezi, kwa sababu mayai yaliyokuwa kwenye vifuko huchukua muda huo kuanguliwa. Usiku huo tega kikombe chini ya sinki. Kikiamka kimelowa, nipigie simu, lakini mwite fundi bomba kwanza.