Homa ya mgunda: jikinge kabla ya kuingia jarubani

Julai 2022, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka wilayani Ruangwa, Lindi, ni homa ya mgunda. Hadi siku hiyo walikuwa wameugua watu 20, na 3 wamefariki. Bakteria wake, leptospira, hukaa kwenye figo za panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa, hutoka na mkojo, na huweza kuishi wiki kadhaa kwenye maji yaliyotuama au tope. Mimi ni afisa mifugo. Wakulima wa mpunga na wafugaji nawaelekeza hivi.

Hatua ya 1: Kagua ngozi. Tazama viganja, visigino na katikati ya vidole. Mikwaruzo ya majani ya mpunga, magaga, fangasi: bakteria hupenya hapo. Funika kwa plasta isiyopitisha maji. Macho na mdomo nayo ni njia, kwa hiyo usinawe uso kwa maji ya mfereji.

Hatua ya 2: Vaa gambuti. Najua, tope zito huling'ang'ania mpaka mguu utoke peke yake. Palipo hivyo, angalau ukimaliza kazi oga mara moja kwa sabuni na maji safi.

Hatua ya 3: Ng'ombe akitupa mimba, huenda ni ugonjwa huu huu; usiguse kwa mikono mitupu. Vaa glavu, zika kondo na kijusi mbali na maji, kisha muite mtaalamu. Ulizia pia chanjo ya ng'ombe na mbwa.

Hatua ya 4: Ghala lenye panya usilifagie kavu. Lowesha kwanza kwa klorini ya dukani, sehemu 1 kwa maji sehemu 9.

Hatua ya 5: Ukiugua, taja kazi yako. Dalili huanza kati ya siku 2 na 30: homa ya ghafla, kichwa kuuma, macho mekundu, mashavu ya miguu kuuma hata yakibonyezwa kidogo. Wengi hudhani ni malaria na kumeza dawa mseto. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, usiinuke kwenye kiti. Sema: "Daktari, wiki iliyopita nilikuwa jarubani, na ng'ombe wangu ametupa mimba." Asipoambiwa, atalijuaje? Antibiotiki kama doksisaiklini husaidia zaidi zikianzwa mapema, ila usijinunulie. Mjamzito huandikiwa nyingine. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukipungua au damu ikitoka puani, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.