Kebo ya mafuta iliyolegea kwenye Land Rover 110 ya jeshi: pa kuanzia, na namna ya kuikaza

Land Rover 110 zilizotoka jeshi la Uingereza, ambako zilihesabiwa kuwa malori ya kazi ya ukubwa wa kati, nyingi zilikuja na dizeli ya cc 2,495 isiyo na turbo. Ni injini ngumu lakini haina nguvu za kupoteza. Kebo ya mafuta, yaani waya unaounganisha pedeli ya mafuta na pampu ya dizeli, ikilegea unaiona mara moja: pedeli inashuka kitambo injini haijaitika, na mlimani unakanyaga mpaka chini huku gari likijikokota kana kwamba limebeba mara mbili ya mzigo wake. Watu hubadilisha filta ya dizeli, husafisha nozeli, hata huifungua pampu, kumbe zimepotea milimita chache tu kati ya mguu na pampu.

Kabla ya kushika spana, elewa jambo hili: waya wa chuma ulio ndani ya kebo haurefuki sana. Kebo hulegea kwa sababu ganda la nje limesinyaa au limezama kwenye kishikio chake, au viungo vya pedeli vimelika, au nyuzi za waya zinakatika moja moja karibu na ncha. Ukikaza nati bila kujua mwendo unapotelea wapi, utakuwa umeficha ugonjwa, na kebo itakukatikia porini.

Kutafuta mahali palipolegea

Zima injini, vuta handibreki, weka kigingi nyuma ya tairi, fungua boneti. Pampu ya dizeli iko sehemu ya mbele ya injini na inaendeshwa na mkanda wa taimingi. Ina mkono mdogo unaovutwa na kebo. Mkono huo unacheza kati ya skrubu mbili: moja huuzuia ukiwa umelala, na hiyo ndiyo inayopanga sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa imewaka bila kukanyagwa mafuta. Nyingine huuzuia mwisho wa mwendo. Hii ya pili hufungwa kwa kiwaya na lakiri ya risasi, na haiguswi kabisa. Ukiifungua unaruhusu injini izunguke kupita kiwango chake, na pampu italazimika kurudi kwenye meza ya fundi wa pampu.

Kwanza uvute mkono kwa vidole mpaka mwisho, kisha uachie. Lazima urudi kwa kishindo kidogo na kuigusa skrubu ya sailensa. Ukirudi polepole au ukibaki katikati, shida yako ni springi au waya unaokwama, na hapo kukaza kebo ni hatari: injini inaweza kubaki ikizunguka kwa kasi wakati umeshaondoa mguu.

Sasa mwite msaidizi akanyage pedeli mpaka chini, taratibu, nawe uangalie. Mkono ukiifikia skrubu ya mwisho, kebo haijalegea kiasi cha kupunguza nguvu. Usipoifikia, pima nafasi iliyobaki. Milimita 2 au 3 hurekebishwa kwa nati. Zikifika 8 au 10, kuna kitu kimelika au kimetoka mahali pake.

Msaidizi aendelee kukanyaga na kuachia. Shika ganda kwa vidole viwili pale linapoingia kwenye kishikio karibu na pampu. Ganda halitakiwi kusogea hata kidogo. Likicheza mbele na nyuma, aidha nati zimelegea, au kishikio kimepinda, au kile kikombe cha chuma kwenye ncha ya ganda kimepasuka na ganda linapenya ndani yake. Hili la mwisho halionekani kwa macho mpaka kebo ivutwe, ndiyo maana watu hulikosa. Fanya vivyo hivyo pale kebo inapopita kwenye bati linalotenganisha injini na kabini.

Halafu lala chini ya dashibodi na tochi. Tikisa pedeli kushoto na kulia. Ikicheza sana, busha zake zimekwisha. Angalia pini inayoshika ncha ya waya: tundu lililokuwa duara likiwa limegeuka yai, unapoteza milimita mbili hapo hapo. Pini mpya na spliti pini mpya ni vitu vya bei ndogo.

Mwisho, pitisha kitambaa chakavu kwenye waya ulio wazi, ncha zote mbili. Kikinasa, kuna uzi uliokatika. Kebo yenye uzi hata mmoja uliokatika hairekebishwi, inabadilishwa.

Gari la redio lina kebo ya pili

Baadhi ya 110 zilitengenezwa kubeba redio za jeshi, nazo zina umeme wa volti 24 na kidude cha kuvuta kwa mkono ili injini izunguke juu kidogo gari likiwa limesimama, betri zijae. Kama lako linacho, kisukume mpaka ndani na uhakikishe kebo yake imelegea kidogo kwenye pampu. Kikiwa kimevutika nusu, mkono wa pampu haulali, nawe utapoteza muda mwingi ukirekebisha kebo isiyo na kosa.

Kukaza

Andaa spana za milimita na za inchi, maana magari haya yamechanganya nati, na yaliyopita kwenye karakana nyingi yamechanganya zaidi. Spana inayokaribia tu kutosha itaharibu kona za nati.

Pulizia mafuta ya kulegeza kutu nati mbili zinazobana ganda kwenye kishikio karibu na pampu, subiri dakika kumi. Shika iliyo upande wa pili wa kishikio, legeza ile iliyo upande wa pampu, kisha sogeza ganda mbali na mkono wa pampu. Sogeza nusu mzunguko, pima, sogeza tena. Unachotafuta ni waya kubaki na ulegevu wa milimita 1 hadi 2 mkono ukiwa umelala kwenye skrubu ya sailensa. Usiumalize ulegevu wote. Injini hutikisika kwenye maunting zake, yaani raba zinazoibeba, na kebo iliyokazwa kabisa itakuwa inavuta mkono kila injini inapoinama. Sailensa itapanda na kushuka bila mpango. Na usiifidie kebo iliyolegea kwa kukaza skrubu ya sailensa. Injini itanguruma ikiwa imesimama, na mlimani nguvu hazitarudi.

Kaza nati zote mbili dhidi ya kishikio, kisha msaidizi akanyage tena. Mkono uguse skrubu ya mwisho, na papo hapo pedeli izuiwe na sakafu au bolti yake. Pedeli ikiendelea kushuka baada ya mkono kufika mwisho, uzito wote wa mguu unabebwa na waya, na waya huo hautadumu.

Ikibidi kebo mpya

Usiagize kwa jina la gari tu. Kebo ya usukani wa kulia si sawa na ya kushoto, na ya dizeli hii si ya V8 ya petroli wala ya Tdi, dizeli yenye turbo. Laza mpya kando ya kuukuu na upime vitu viwili: urefu wa ganda, na urefu wa waya unaobaki nje ganda likiwa limesukumwa upande mmoja. Ganda likizidi kwa milimita 10, waya ulio wazi umepungua kwa hizo hizo 10.

Ipitishe mbali na ekzosi, bila kona kali. Badilisha pia raba ya tundu ambamo kebo hupita kwenye bati la kabini, la sivyo bati litalikata ganda. Kebo yenye bitana ya plastiki ndani haiwekwi grisi. Grisi hukamata vumbi na kuwa kama msasa. Ya zamani isiyo na bitana hupewa oili nyepesi: itundike wima, funga kipande cha mfuko wa plastiki kwenye ncha ya juu, mimina vijiko viwili, iache usiku kucha mpaka oili itokee chini.

Washa injini gia ikiwa huru. Kanyaga na uachie mara kadhaa, kwanza ikiwa baridi, kisha ikishapata moto. Sailensa irudi pale pale kila mara. Baada ya kilomita 300 hivi rudia kipimo cha ulegevu, kwa sababu ganda jipya hujibana kwenye vishikio vyake na nati huhitaji kuguswa kidogo tena.