Somo: Kishikwambi kimoja, wanafunzi themanini na jibu la 355

Walimu, habari za majukumu. Kila wiki kuna anayeuliza afanyeje na kishikwambi darasani wakati kipo kimoja, watoto ni themanini na umeme ni wa kubahatisha. Mimi nasema hivi: katika hali hiyo, siku nyingi watoto hawana haja hata ya kukiona. Kazi yake ya kwanza ni kumwonyesha mwalimu namna watoto wanavyofikiri, halafu ushahidi huo uende kwenye kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni kwenu. Video na katuni zitakuja baadaye.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Hisabati darasa la tatu, kutoa kwa kukopa. Ukifundisha somo jingine, badilisha mada tu.

Mahitaji: kishikwambi (vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 wakapewa walimu vinatosha kabisa) au simu janja yako, daftari, na wenzako wawili watatu walio tayari kukaa nusu saa. Intaneti karibu hatutaigusa.

Hatua ya 1: Toa swali moja lenye mtego

Usitoe maswali kumi. Dakika kumi za mwisho wa kipindi, andika ubaoni: 402 − 157. Mtego ni ile sifuri ya katikati. Waambie waonyeshe njia yote na wasifute kitu. Aliyekosea apige mstari mmoja na kuendelea. Vifutio viwekwe mfukoni. Mtoto akishafuta, kilichokuwa kichwani mwake kimeondoka na wewe hutakipata tena.

Hatua ya 2: Piga picha madaftari, si watoto

Kusanya madaftari uyapange kwa jibu, si kwa jina wala kwa nani hodari. Utapata mafungu kama haya:

- 245, waliopata.
- 355. Hawa kila nafasi wametoa ndogo kwenye kubwa: saba toa mbili, tano toa sifuri, nne toa moja. Hawajali ipi iko juu.
- 255. Hili ndilo fungu la kuvutia, nitalirudia.
- Mengineyo: waliojumlisha, waliokimbia, waliotazamia kwa jirani.

Piga picha moja au mbili kwa kila fungu. Simama karibu na dirisha, kishikwambi kiwe sambamba na daftari, na funika jina kwa rula kabla ya kubonyeza. Sura za watoto zisiingie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hakuna mzazi anayefurahia kukuta kosa la mwanawe linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Hatua ya 3: Rekodi sauti

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndiyo hatua yenye mali. Chukua watoto watatu, mmoja mmoja, mkae pembeni chini ya mti mbali na kelele. Fungua kinasa sauti kilichokuja na kifaa. Mwambie mtoto unarekodi ili ujifunze kufundisha vizuri zaidi, na asipotaka mwache. Halafu uliza swali moja tu: "Niambie ulifanyaje." Ukishauliza, nyamaza. Najua ni vigumu. Mwalimu akikaa sekunde tano bila kusahihisha anahisi anaiba mshahara.

Sasa lile fungu la 255. Mtoto wa kwanza atakwambia: "Mbili haitoshi kutoa saba, nikaenda kwa sifuri, sifuri haina kitu, nikaenda kwa nne. Nne ikabaki tatu, sifuri ikawa kumi, mbili ikawa kumi na mbili." Anajua karibu kila kitu. Amesahau tu kwamba ile kumi ya katikati imeshatoa moja kuwapa mamoja, kwa hiyo imebaki tisa. Mtoto wa pili atakwambia: "Sifuri haina kitu, nikairuka, nikachukua kwa nne nikampa mbili. Halafu tano toa sifuri ni tano." Huyu mia moja kwake imegeuka kumi ilipofika kwenye mamoja, na kwenye makumi amegeuza namba juu chini. Daftari zote mbili zina 255 na kosa jekundu lilelile, lakini ukiwapa marudio ya aina moja, mmoja wao utampotezea muda. Hilo kalamu nyekundu haiwezi kukuambia.

Hatua ya 4: Peleka kwenye jumuiya ya kujifunza

MEWAKA iliwekwa ili tujifunze tukiwa shuleni badala ya kungoja semina ya wilaya. Tuseme ukweli, vikao vingi vimegeuka kuwa matangazo ya mwalimu mkuu au mtu mmoja kusoma moduli kwa sauti huku wengine wanasahihisha madaftari. Geuzeni mpangilio. Anzeni na sauti ya mtoto kabla mtu yeyote hajaongea, kisha picha. Swali la kikao liwe: huyu anajua nini tayari, na ameteleza wapi? Atakayesema "watoto wa siku hizi ni wazito" mchekeni kidogo, muendelee.

Moduli za TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) zifunguliwe baada ya hapo. Ukiwa na tatizo mkononi, moduli inasomeka tofauti kabisa, kwa sababu kuna kitu unakitafuta.

Utaratibu huu si wangu. Wajapani wanao tangu zamani, wanauita jugyo kenkyu: walimu wanapanga somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama, kisha wanalijadili. Jirani zetu Zambia walianza kuutumia mwaka 2005, nao madarasa yao hayana anasa.

Hatua ya 5: Pangeni somo moja, wengine watazame watoto

Kwa kosa la sifuri, dawa ni vijiti. Fungeni mafungu ya kumi kumi kwa kamba ya mgomba, kisha mafungu kumi yafungwe pamoja yawe mia. Wekeni mezani mia nne na vijiti viwili. Mwiteni mtoto atoe saba. Atatafuta mafungu ya kumi, hayapo. Hapo darasa litulie. Njia iliyobaki ni kufungua mia moja. Yanatoka mafungu kumi. Afungue fungu moja. Vinatoka vijiti kumi, jumla kumi na viwili. Sasa uliza: "Mafungu yamebaki mangapi?" Wahesabu wenyewe: tisa. Hiyo tisa ndiyo inayowapotea kwenye daftari, na hapa wameigusa kwa mkono.

Kishikwambi kinafanya nini? Mwenzako mmoja arekodi mikono tu, dakika moja, wakati mia inafunguliwa. Video hiyo apewe mwalimu wa mkondo wa pili, au ichezwe kesho yake kwa kundi dogo la waliobaki nyuma. Wanaotazama wakae kila mmoja na watoto wawili watatu na waandike watoto wanasema nini. Mwalimu anayefundisha hatazamwi. Mkianza kumtazama yeye na kuandika kuhusu mwandiko wake ubaoni, mwezi ujao hakuna atakayejitolea.

Hatua ya 6: Pima tena

Baada ya siku chache toa swali la aina ileile: 503 − 268 (jibu ni 235). Piga picha madaftari ya watoto walewale, uziweke pamoja na za mwanzo. Andika mistari mitano kwenye daftari lako: kosa lilikuwa nini, mlifanya nini, nani bado. Wathibiti ubora wa shule wakija una cha kuwaonyesha chenye uzito kuliko orodha ya mahudhurio.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa darasa la kwanza, Kigoma: *Shikamoo mwalimu. Wangu bado wako kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), hesabu za mamia ni mbali. Njia hii inanifaa?*

Marahaba. Inakufaa sana, tena kwenye kusoma. Chukua hadithi fupi ya Kiswahili kwenye African Storybook, zinapatikana bure, na mrekodi mtoto akisoma kwa dakika moja. Ukisikiliza jioni utagundua anakwama wapi: ng' na ng, mbw, nyw. Kwa kuwa baadhi ya watoto wako nyumbani wanaongea Kiha, ongeza swali moja baada ya kusoma: "Neno hili ni kitu gani?" Kuna anayeshindwa kuunganisha silabi, na kuna anayesoma vizuri neno asilolijua. Wa pili anahitaji mazungumzo na picha. Silabi anazo tayari.

Mtaaluma, Singida: *Bando tunanunua wenyewe. Hizo video na hadithi tutapakua kila siku kwa pesa gani?*

Msipakue kila siku. Kuna programu ya bure inaitwa Kolibri. Inawekwa kwenye kompyuta moja ya shule au ya kituo cha walimu, masomo yanapakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, halafu vishikwambi vinaunganishwa na kompyuta hiyo kwa Wi-Fi bila intaneti. Muulizeni Afisa Elimu Kata kama kuna kompyuta iliyokaa bure, ihudumie shule zote za kata. Sauti na picha za hatua ya 2 na 3 hazihitaji bando hata kidogo.

Mwalimu, Kakamega: *Habari mwalimu. Sisi huku Kenya tulipata tabuleti za mradi wa serikali ulioanza 2016. Nyingi zimefungiwa stoo. Tuanzie wapi?*

Nzuri mwalimu. Anza na chaja. Betri iliyokaa miaka bila kuchajiwa mara nyingi imekufa, kwa hiyo jaribu zote ujue ngapi zinawaka. Usipange somo kwa idadi iliyoandikwa kwenye rejista. Zikiwaka kumi, gawa darasa makundi, nusu kwenye tabuleti na nusu kwenye vijiti au daftari, kisha wabadilishane. Kila kundi lipewe kazi moja yenye jibu la kuandika, la sivyo dakika kumi zote zitaishia kupigana picha.

Mwalimu, Lindi: *Kikao hakina posho, wenzangu wanakwepa. Unawavutaje?*

Posho sina, na siwalaumu. Punguza: dakika thelathini, mtoto mmoja, swali moja, mara moja kwa wiki mbili. Anza na wawili wanaotaka. Sauti ya mtoto ina mvuto wake. Walimu wakisikia "nikairuka sifuri" huwa wanavuta kiti.

Mwalimu wa darasa la tano, Mbeya: *Kwa nini nisiiambie akili mnemba iniandalie andalio la somo, yakaisha?*

Iambie, itakupa rasimu nzuri tu, hasa ya mazoezi ya ziada. Lakini haijui kwamba darasani kwako kuna 255 za aina mbili mpaka uiambie, na utazijulia wapi kama hukurekodi? Kokotoa upya kila jibu inalokupa kabla ya kulipeleka ubaoni. Majina ya watoto usiyaingize humo.

Mwalimu, Unguja: *Rekodi nizitunze kwa muda gani?*

Mpaka mwisho wa muhula, kisha futa sauti zote. Picha chache zisizo na majina, kama zile za 355, zibakize kwa ajili ya walimu wa mazoezi watakaokuja.