Namna ya kutambua viputo vya heliamu katika chuma kilichopigwa mionzi

Ukiiweka hadubini ya elektroni kwenye fokasi kamili, kiputo cha heliamu chenye upana wa nanomita 2 kinapotea machoni. Wengi wanaoanza hudanganyika hapo, wakaandika kwamba chuma ni kizima.

Jua kwanza unachokitafuta. Nyutroni ikigonga atomi huing'oa mahali pake, likabaki pengo. Mapengo mengi hujifunga papo hapo. Heliamu ndiyo huyaharibu mambo, nayo huzaliwa humo humo ndani: boroni-10 au nikeli-59 humeza nyutroni na kutema chembe ya alfa, yaani kiini cha heliamu. Kwa kuwa heliamu haiyeyuki katika metali, hukimbilia mapengo na kuyazuia kujifunga, nayo hukua kuwa viputo. Vikijipanga kwenye mipaka ya punje, yaani fuwele ndogo ndogo zinazounda chuma, chuma kikiwa na joto kali hupasuka hapo hapo bila kunyumbuka.

Hatua ya 1. Kama unaiga mionzi ya nyutroni kwa boriti ya ioni (atomi zenye chaji), kokotoa zitapenya umbali gani kwa SRIM, programu ya kompyuta ya hesabu hizo. Kwa chuma, weka nishati ya kung'oa atomi kuwa elektronivolti (eV) 40.

Hatua ya 2. Kata kipande chembamba, chini ya nanomita 100. Epuka tabaka la juu kabisa, maana kasoro hutorokea usoni. Ukikata kwa boriti ya ioni za metali ya gali, malizia kwa volti ndogo, la sivyo madoa meusi ya ukataji yatachanganyika na madhara ya mionzi.

Hatua ya 3. Hii usiiharakishe. Inamisha sampuli ili miale ya elektroni isitawanywe kwa nguvu na fuwele, kisha piga picha tatu za sehemu ile ile. Punguza nguvu ya lenzi: kiputo huwa cheupe chenye ukingo mweusi. Kwenye fokasi, hufifia. Ongeza nguvu: rangi hupinduka. Doa lisilopinduka usilihesabu.

Hatua ya 4. Rudia yote kwa kipande ambacho hakikupigwa mionzi. Niliwahi kuhesabu vishimo vya ung'arishaji kama viputo kwa siku mbili nzima. Kipande cha kulinganishia ndicho kilichonisahihisha.

Hatua ya 5. Pima vipenyo kwenye picha zenye kiwango kimoja cha fokasi, na upime unene wa kipande, maana bila unene huwezi kupata idadi kwa ujazo. Viputo vya mipakani vihesabu peke yake. Wastani wa jumla huvificha, na ndivyo vinavyovunja chuma.