Ukitaka kununua sanamu ya Patan, anza na mikono

Watu wengi wakishika sanamu ya Kibuddha kama hizi za Patan, Nepal, wanakimbilia uso, na uso hautakwambia kitu kwa sababu karibu zote zimetulia vilevile, macho yamefumbwa nusu. We angalia mikono. Wa kulia umeshuka umegusa chini, wa kushoto umepakata bakuli, huyo ni Shakyamuni, Buddha mwenyewe, anaiita ardhi imshuhudie. Ila usitoe hela bado, maana huo wa kulia ukiwa umeshika kijimmea basi huyo ni Buddha wa Tiba na hapo watu wanachanganya sana.

Tara, mungu wa kike wa Kibuddha, mtambue kwa miguu. Tara wa Kijani mguu wa kulia kaushusha, yuko tayari kuinuka aje kukusaidia. Tara Mweupe kakunja yote miwili na ana macho saba, we hesabu tu, matatu usoni, mawili viganjani, mawili nyayoni, likikosekana moja fundi kalipua. Manjushri, yule wa hekima, ana upanga wa kukata ujinga. Na wale kina Mahakala wenye meno nje na taji la mafuvu sio mashetani jamani, ni walinzi.

Haya, kazi ya mkono sasa. Pale Patan, bonde la Kathmandu, mafundi wa Kinewar, wenyeji wa hapo, wanatengeneza umbo la nta kwanza, wanalifunika udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe tabaka kwa tabaka, ukikauka wanauchoma nta inayeyuka inatoka, wanamimina shaba nyekundu kwenye uwazi uliobaki, ikipoa udongo unavunjwa. Muuzaji akikwambia "iko moja tu duniani" usimeze nzimanzima, hata umbo la nta mara nyingi linatolewa kwa kalibu, utofauti unakuja kwenye patasi, kwa hiyo chungulia katikati ya vidole, mikunjo ya nguo, na mgongoni, mgongoni ndo wavivu wanaumbuka. Uso wa dhahabu isiyong'aa kama mwili sio kasoro, mara nyingi unapakwa peke yake mwishoni.

Igeuze. Kitako kikiwa kimezibwa kwa bati lenye vajra (alama ya radi) mbili zilizopishana, kwa kawaida ndani kuna karatasi za mantra, yaani maneno ya sala, usibandue hata ukiwashwa vipi.

Halafu cheti. Nepal vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 haviruhusiwi kutoka nchini, kwa hiyo hata yako mpya mwambie muuzaji akuchukulie cheti Idara ya Mambo ya Kale kabla hujafika eapoti.