Namna ya kupima CRP kwa mgonjwa wa nimonia na kuyasoma majibu yake

Wakuu, hii ni kwa walioko maabara na madogo walioko fildi, maana naona mtu anapima CRP, anaandika namba kwenye fomu, inaenda kwa dokta basi, hakuna hata aliyeuliza mgonjwa kaanza kuumwa lini. Namba bila saa haina maana.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukishavamiwa, na Tillett na Francis waliigundua mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia hasa. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi yuko chini ya 3 mg/L, wengi hawafiki 10. Nimonia ya bakteria inaweza kuipeleka hadi ipite 100.

Hatua ya 1. Muulize mgonjwa kabla hujamchoma. Homa imeanza saa ngapi, dawa gani ameshameza, hata zile za duka la dawa mtaani, andika zote. CRP huanza kupanda baada ya kama saa 6 na inafika kileleni karibu saa 48, kwa hiyo aliyeanza kuumwa leo asubuhi anaweza kutoka na 12 huku nimonia ndo inashika kasi, ukimwambia yuko fresh umemponza.

Hatua ya 2. Damu iingie kichupa cha kifuniko chekundu au cha njano, iache igande nusu saa, usiitikise, halafu izungushe kwenye sentrifuji dakika 10. Seramu, yaani yale majimaji yanayobaki juu, ikitoka nyekundu chukua damu upya.

Hatua ya 3. Pitisha kontroli kwanza, yaani ile sampuli ambayo majibu yake yanajulikana tayari, ndo uweke sampuli. Na yuniti jamani! Mashine nyingine inatoa mg/dL, hiyo 12 yake ni 120 mg/L, ni mgonjwa mwingine kabisa huyo.

Hatua ya 4, kusoma. Mwongozo wa 2014 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, pale dokta akiwa hana uhakika kama ni nimonia, ulisema chini ya 20 mg/L usitoe antibayotiki, 20 hadi 100 fikiria kumwandikia dawa aje aianze akizidiwa, juu ya 100 mpe. Ila kwetu usiikariri hivyo, malaria nayo inapandisha, TB inapandisha, na kwa mwenye VVU, WHO toka 2021 wanakubali kuanzia juu ya 5 mg/L tu achunguzwe TB. Mjamzito, mnene na mvuta sigara wanaweza kuwa juu kidogo bila nimonia yoyote, na ambaye ini lake limechoka sana inaweza isipande inavyotakiwa.

Hatua ya 5 ndo watu wanairuka na kwangu ndo kubwa kuliko zote. Rudia siku ya 3 au ya 4, mashine ileile. Nusu ya CRP inaondoka kwenye damu kwa kama saa 19, kwa hiyo dawa ikifanya kazi namba inashuka haraka. Kama haijashuka hata nusu, usisubiri fomu itembee yenyewe, mpigie dokta muda huohuo, inawezekana dawa haimfai au kuna usaha umejikusanya pembeni ya pafu.