Kumtafutia binti nafasi ya kidato cha kwanza shule ya wasichana, Moshi na Arusha

Nafasi za bweni katika shule za wasichana za Kilimanjaro na Arusha hugombewa kati ya Septemba na Desemba. Mzazi anayeanza kuulizia Januari, baada ya kuona binti amepangiwa shule ya kutwa, mara nyingi hukuta mabweni yameshajaa. Kwa hiyo tuanze na kalenda.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hutoa matokeo mwishoni mwa Oktoba au Novemba, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, hutangaza shule walizopangiwa watoto kwa kawaida Desemba, na masomo huanza Januari. Mtihani una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Anayepata kuanzia 121 ndiye aliyefaulu.

Upande wa serikali mzazi haombi nafasi. Upangaji hufuata alama na nafasi zilizopo: wenye alama za juu kabisa huenda shule za vipaji maalumu, wengine bweni za kawaida, na walio wengi shule za kutwa za karibu na nyumbani. Kwa wasichana, shule za vipaji maalumu ni Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana, zote mbali na huku. Ilboru iliyopo Arusha huchukua wavulana kwa kidato cha kwanza, ingawa kila mwaka wapo wazazi wanaoiulizia kwa ajili ya mabinti. Mtu akikuambia ana "mtu wake TAMISEMI" wa kubadilisha jina kwa laki mbili, anauza hewa.

Shule binafsi na za madhehebu ndizo zenye mlango wa kuomba, na hapo kazi ni yako. Fomu nyingi hutoka katikati ya mwaka, na intavyuu huwekwa mara tu baada ya mtihani wa darasa la saba. Chagua shule mbili au tatu tu. Kila fomu ina gharama yake, na intavyuu zikigongana Jumamosi moja, moja Sanya Juu upande wa Kilimanjaro na nyingine Njiro jijini Arusha, hamwezi kufika kote.

Andaa mapema nakala za cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, ripoti za darasa la sita na la saba, na namba ya PREM. Namba hiyo ndiyo inayomfuata mtoto kutoka shule moja hadi nyingine kwenye mfumo wa NECTA. Shule isiyoiulizia kabisa itie shaka, kwa sababu bila hiyo usajili wa mtihani wa kidato cha pili unakwama. Kagua na majina pia. Kama cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Neema Elibariki na shule ya msingi ilimsajili Neema Elly, rekebisheni kabla usajili wa darasa la saba haujafungwa. Baada ya hapo jina la kwenye mtihani linamfuata hadi cheti cha kidato cha nne, na kulibadilisha ni safari ndefu ya hati za kiapo.

Intavyuu yenyewe huwa ni karatasi za Kiingereza na Hisabati, pengine na Sayansi, halafu mazungumzo mafupi. Binti aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili haanguki kwa kutojua hesabu. Huanguka kwa kutoelewa agizo: hajui neno la Kiingereza la kurahisisha, kukadiria, kipenyo au riba. Wiki tatu za kukariri msamiati wa hesabu na sayansi humsaidia kuliko tuisheni nyingine ya sarufi. Mazoeze pia kujieleza kwa sentensi tano: jina, shule atokayo, somo alipendalo na sababu yake. Wengi hukwama kwenye sababu.

Sasa penye mtego. Shule binafsi hutaka malipo ya kushika nafasi Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kabla TAMISEMI haijatangaza. Ukisubiri, nafasi inaondoka. Ukilipa, halafu binti akachaguliwa bweni nzuri ya serikali, fedha imelala. Suluhisho ni kuuliza kwa maandishi mambo mawili kabla ya kulipa: kiasi cha chini kabisa kinachoshika nafasi, na sehemu gani inarudishwa mtoto asiporipoti. Jibu la mdomo la mhasibu halitakusaidia Januari. Lipa benki kwenye akaunti yenye jina la shule, wala si kwa namba ya simu ya mtu, na tunza stakabadhi. Masomo ya maandalizi, yale yanayoitwa prifomu wani, yana ada yake na kwa kawaida hairudishwi.

Usilinganishe shule kwa ada peke yake. Omba jedwali la gharama zote za mwaka wa kwanza: sare, chakula, usafiri wa likizo, bima au zahanati, mitihani ya ujirani mwema (ile ya pamoja na shule nyingine), fedha ya tahadhari. Shule inayotangaza ada ya 1,800,000 inaweza kukumaliza kuliko ya 2,200,000 iliyojumlisha kila kitu. Uliza pia awamu ni ngapi, na awamu ya kwanza ni kubwa kiasi gani.

Na ubora? Tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule yapo wazi kwenye tovuti yake. Usiishie kuhesabu waliopata daraja la kwanza. Tafuta idadi ya wasichana waliofanya upimaji wa kidato cha pili, kisha idadi ya waliofanya kidato cha nne shule hiyo hiyo miaka miwili baadaye. Waliokuwa 95 wakibaki 60, uliza 35 wamekwenda wapi. Wapo waliohama kwa sababu za kawaida, lakini pengo kubwa linalojirudia kila mwaka kwa kawaida ni dalili ya shule inayochuja ili matokeo yapendeze. Hakuna kipimo kizuri kuliko hiki, na hakigharimu kitu zaidi ya bando.

Akishapata nafasi, fomu ya kujiunga itakuja na orodha ya vifaa. Isome yote kabla ya kwenda soko la Kiboriloni (Moshi) au la Kilombero (Arusha). Godoro mara nyingi ni la futi 2.5 kwa 6, na likizidi haliingii kwenye kitanda cha bweni. Tranka, kufuli, chandarua, ndoo, shuka za rangi iliyotajwa, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi: vitu hivi vinakaguliwa getini. Kwa shule za mlimani kama Machame, Marangu au Kibosho ongeza blanketi zito na sweta la pili, maana Juni na Julai baridi haina mchezo. Weka taulo za kike za muhula mzima.

Fomu ya afya hujazwa na daktari wa hospitali. Hospitali za Mawenzi na Mount Meru hujaa wiki ya kwanza ya Januari, hivyo nenda Desemba. Usifiche pumu, kifafa, selimundu wala mzio wa dawa. Matroni asiyejua hatamkimbiza mtoto hospitali kwa wakati, na hilo ni kubwa kuliko aibu yoyote.

Kama amepangiwa shule ya serikali isiyofaa, kwa mfano mbali na mlezi, kawaida ni aripoti kwanza, kisha mzazi aandike barua ya uhamisho kupitia mkuu wa shule aliyopo. Shule anakokwenda lazima ithibitishe kuwa nafasi ipo. Hapa watu hupotea ofisi: Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ni ofisi mbili tofauti za elimu sekondari, na Jiji la Arusha si Halmashauri ya Wilaya ya Arusha (Arusha DC) wala ya Meru. Usa River ni Meru. Uliza shule ipo halmashauri gani kabla ya kupanda daladala.

Binti aliyekosa bweni sasa ana mlango mwingine kidato cha tano, ambapo Weruweru, Ashira na Machame hupokea wasichana kupitia uchaguzi wa TAMISEMI, masomo yakianza Julai. Anahitaji angalau krediti tatu (alama A hadi C) na pointi zisizozidi 25, maana pointi chache ndizo nzuri, na serikali haitozi ada ya kidato cha tano na sita tangu 2022. Tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, huchaguliwa kwenye fomu akiwa kidato cha nne, na matokeo yakitoka hufunguliwa dirisha la kuzibadilisha mtandaoni. Wengi hawalitumii, kisha hushangaa binti wa sayansi kupangiwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza).

Wenye watoto wa madarasa ya chini wakumbuke kwamba mwaka 2027 darasa la sita na la saba yanamaliza pamoja kwa sababu ya mtaala mpya unaofanya elimu ya msingi iwe miaka sita badala ya saba. Kwa kidato cha kwanza cha Januari 2028, anzeni kuulizia fomu mwaka mmoja kabla.